Kijito kinachopakana na nyumba mpya huokolewa kwenye mapaa na barabarani kabla ya kingoni: tujadili

#1 Mkondo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Michoro mingi ya miradi ya nyumba inayopakana na kijito ina kitu kimoja kinachofanana. Pande mbili za maji umechorwa ukanda wa kijani, umeandikwa "eneo la hifadhi", na mjadala unaishia hapo. Mwekezaji anaridhika, anayekagua mazingira anatia saini, wanunuzi wanaahidiwa nyumba zenye mandhari ya maji. Sasa fungua karatasi nyingine ya mchoro huohuo, ile ya mifereji. Mara nyingi utakuta bomba limetoka barabarani, likapita chini ya ule ukanda wa kijani na kufungua mdomo moja kwa moja kijitoni. Miti yote iliyoachwa kwa ajili ya kuchuja maji haitagusa hata tone la maji hayo.

Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Nashikilia kwamba kijito kando ya makazi mapya huuawa zaidi na maji yanayotoka kwenye mapaa na lami kuliko na nyumba zenyewe kukaa karibu nacho. Na hatima yake huamuliwa siku mchoro wa mifereji unapopitishwa, greda likiwa bado halijafika.

Tupige hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25, hizo ni lita 2,500. Nyumba 80 za namna hiyo ni lita 200,000, na hapo hujagusa barabara, maegesho wala vibaraza. Eneo hilo lilipokuwa na nyasi na miti, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na udongo. Mengine yalirudi hewani kupitia majani, mengine yakasafiri chini kwa chini na kukifikia kijito baada ya siku au wiki, yakiwa yamechujwa na kupoa. Baada ya ujenzi, maji yaleyale yanafika kwa dakika chache, yamebeba mafuta ya magari, vumbi la breki na joto la lami.

Kijito kinaumia mara mbili. Mvua ikinyesha, kinapokea maji mengi kwa ghafla, kinachimbika sakafu, kingo zinameguka na mizizi inabaki inaning'inia hewani. Mvua ikikatika, ardhini hakuna akiba ya kukilisha, kinabaki na vidimbwi vya maji ya vuguvugu. Mwaka 2005 mtafiti Christopher Walsh na wenzake walikusanya dalili hizi kutoka nchi mbalimbali na kuzieleza kama ugonjwa mmoja wa vijito vya mijini. Tafiti nyingi zinaonyesha viumbe wepesi kudhurika wanaanza kupotea pale mapaa, lami na saruji vinapofunika takriban asilimia 10 ya bonde linalolisha kijito, wakati mwingine hata chini ya hapo. Asilimia 10 si mji. Ni mtaa wenye bustani kubwa na miti, ambao mtu akipita atasema mazingira yametunzwa.

Karibuni, hasa mliowahi kusimamia ujenzi.

#2 Saruji na Nondo

Mkuu, mada nzito na nimeisoma yote. Ila niseme upande wa sisi tulio kwenye ujenzi. Bomba halikuwekwa kwa ubaya. Maji yasipoondolewa haraka yanaingia sebuleni kwa mtu, na atakayeitwa kujieleza ni mhandisi, si kijito. Pili, maeneo mengi ni udongo wa mfinyanzi, ukichimba shimo la kunyonya maji linajaa na kubaki limejaa. Mimi naona njia iliyo wazi ni kuimarisha kingo kwa gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) na mawe, kuupa mkondo kona zake, kupanda miti na kuweka njia ya kutembea. Kuna mito mingi duniani imerudishwa hivyo na watu wanaifurahia. Kwa nini tuhangaike na paa la kila nyumba?

#3 Mkondo

Asante mkuu, umegusa penyewe, na hofu ya mafuriko ni ya haki. Hakuna anayetaka maji yaingie ndani kwa mtu.

Tutenganishe mvua mbili. Ipo ile kubwa ya nadra, inayohitaji njia ya dharura iliyo wazi na pana, na hiyo lazima ichorwe. Halafu zipo mvua ndogo na za kati zinazonyesha mara nyingi kila mwaka. Kwenye shamba au msitu, nyingi kati ya hizo hazikuwahi kutiririka juu ya ardhi hadi kijitoni hata kidogo. Tukishaweka bomba, kila manyunyu yanakipiga kijito. Kinachokimaliza ni kipigo hiki cha kila mara. Kijito kina uwezo wa kujirudi baada ya mafuriko makubwa ya mara moja, hakina uwezo wa kujirudi kati ya mvua na mvua kila wiki.

Kwa hizo mvua za kawaida, kila paa linaweza kuwa na tangi ambalo maji yake yanatumika kweli, chooni, kufulia na bustanini. Tangi lililojaa muda wote halina faida kwa kijito, kwa sababu mvua inayofuata inamwagika yote. Maji yanayozidi tangi yaende kwenye bustani ya mvua, yaani sehemu iliyoinamishwa kidogo, yenye tabaka la mchanga na mboji na mimea inayostahimili kulowa na kukauka. Barabara nazo zimwage maji yake kwenye mitaro mipana ya nyasi badala ya ukingo wa saruji na bomba. Kwenye mfinyanzi, chini ya ile bustani unaweka bomba la matundu lenye mdomo mwembamba, ili maji yatoke polepole kwa saa nyingi. Mfinyanzi unanyonya taratibu, lakini haukatai kabisa, na hata usiponyonya, kule kucheleweshwa tu ni nafuu kubwa.

Kuna sababu nyingine ya kupitisha maji ya barabarani kwenye udongo. Kwa miaka mingi vijito vya eneo la Seattle, Marekani, vilikuwa vinapoteza samaki wa jamii ya salmoni, aina ya coho, saa chache tu baada ya mvua, hata vijito ambavyo makazi yake yalikuwa yamekarabatiwa vizuri. Mwaka 2020 watafiti walimpata mhusika: kemikali iitwayo 6PPD-quinone, inayotokana na kinga iliyomo kwenye matairi ya magari inapokutana na ozoni ya hewani. Majaribio ya awali, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikuwa yameshaonyesha kwamba maji ya barabara kuu yakipitishwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, samaki wadogo wa coho wanapona. Yaani dawa ilikuwepo hata kabla sumu haijajulikana jina. Hakuna gabioni inayofanya kazi hiyo.

Sasa gabioni na kona. Mwaka 2010 Margaret Palmer na wenzake walipitia miradi 78 ya kurudisha vijito iliyoongeza mawe, magogo na kona ili viumbe wapate mahali pa kuishi. Kati ya hiyo 78, ni miwili tu iliyoonyesha ongezeko la wazi la aina za wadudu wa majini. Vyumba vilijengwa, wapangaji hawakuja, kwa sababu maji yenyewe yalibaki mabovu na mkondo uliendelea kupigwa. Na hiyo ni miradi iliyopimwa. Uchambuzi wa Emily Bernhardt na wenzake wa mwaka 2005 ulikusanya miradi zaidi ya 37,000 nchini Marekani na kukuta kama asilimia 10 tu ndiyo yenye kumbukumbu ya ufuatiliaji wowote.

Ile mito inayofurahiwa na watu naijua. Cheonggyecheon jijini Seoul ilifunuliwa mwaka 2005 baada ya barabara ya juu iliyokuwa imeifunika kubomolewa, na ni kazi kubwa kwa jiji. Lakini sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa pampu kutoka mto Han. Ni bustani nzuri yenye maji, bonde lake halijapona. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Singapore, mto Kallang ndani ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Mfereji wa saruji wa kilomita 2.7 uliondolewa mwaka 2012 ukawa mto unaopinda wa kilomita 3.2, na bustani yenyewe ikafanywa mahali pa mto kutanuka. Mvua kubwa ikija, sehemu ya bustani inafunikwa na maji, watu wanaonywa watoke, kisha maji yanashuka. Mto ulipewa nafasi kwanza, mapambo yakafuata.

#4 Mpima Ardhi

Naomba niongeze kwenye nafasi, maana huko ndiko tunakoharibu mapema kuliko hata mifereji.

Ukanda wa kingo upimwe kutoka wapi? Nimeona michoro inayopima kutoka mstari wa katikati ya kijito. Kijito kikiwa na upana wa mita nane, umeshapoteza mita nne kila upande kabla hujaanza. Pima kutoka ukingo wa juu, pale maji yanapofika kikijaa. Na kumbukeni kijito kinahama. Leo kinapinda huku, baada ya miaka kitakula ule ukingo wa nje wa kona. Ukiweka nyumba pale, siku moja mtalazimika kujenga ukuta wa saruji kuilinda, na ukuta huo utapeleka nguvu ya maji kwa jirani wa chini.

Kuhusu upana, mapitio ya Sweeney na Newbold ya mwaka 2014 yalihitimisha kwamba msitu wa kingoni unahitaji angalau mita 30 kila upande ili kulinda ubora wa maji, makazi na viumbe vya vijito vidogo. Sheria zinatofautiana nchi na nchi. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka mita 60. Popote ulipo, namba ya kisheria ichukuliwe kuwa ndiyo ya chini kabisa.

Jambo la mwisho: vijito vya msimu. Kwenye ramani ya kiwango kidogo havionekani, kwa hiyo mchoraji anavifukia na kugawa viwanja juu yake. Vikijumlishwa urefu, vijito hivyo vidogo vya juu ndivyo sehemu kubwa ya mtandao wowote wa mito. Mpimaji atembee eneo lote wakati wa mvua, asitegemee picha ya setilaiti iliyopigwa kiangazi.

#5 Kijana wa Bondeni

Wakubwa zangu, heshima kwenu. Mimi naishi chini ya mradi wa aina hiyo. Michoro sijawahi kuiona, najua tu kwamba tangu wafyeke ule mteremko wote kwa mpigo, kila mvua maji yanakuja mekundu mazito kama uji, na vidimbwi tulivyozoea kuona samaki wadogo vimejaa tope mpaka juu. Tukiuliza tunaambiwa ujenzi ukiisha yatasafika yenyewe. Je, ni kweli? Na sisi tusio wataalamu tuangalie nini?

#6 Mkondo

Pole sana ndugu yangu. Maji yenyewe yanaweza kusafika. Sakafu ya kijito ni suala jingine.

Mwaka 1967 mtafiti Gordon Wolman alieleza mzunguko aliouona kwenye mito ya Maryland, Marekani. Wakati wa ujenzi, ardhi ikiwa uchi, tope linaloshuka ni mara nyingi zaidi ya la shambani, seuze la msituni, na mito inajaa mchanga. Ujenzi ukiisha na kila kitu kikifunikwa kwa lami, tope linapungua, na yale maji mengi ya ghafla sasa yanaanza kuchimba kingo. Kwa hiyo wanaokuambia subirini wanaeleza nusu ya kwanza ya habari.

Inua jiwe la ukubwa wa kiganja kutoka pale maji yanapoenda kasi. Kwenye kijito kizima chini ya jiwe kuna nafasi, kokoto zimelala juu ya kokoto na maji yanapita katikati yake. Hapo ndipo mabuu ya wadudu hujibanza na mayai ya samaki wengi hupata hewa. Kwenye kijito kilichozikwa, jiwe linang'oka kwa shida, linaacha alama yake kwenye tope kama muhuri, na pembeni mwa jiwe tope limekaza. Mayai yaliyomo humo yanakosa oksijeni. Mvua za kawaida zinaweza kuchukua miaka kulisafisha tope hilo, na bila chanzo kuzibwa halisafiki.

Cha kudai ni hiki: wasifyeke eneo lote mara moja. Wafungue kipande, wakijenge, wakifunike kwa nyasi au matandazo, ndipo wafungue kingine. Hilo linashinda vizuizi vyote. Uzio wa kitambaa wa kuzuia tope unasaidia iwapo tu chini yake umefukiwa ardhini na unasafishwa. Ukiona maji yanapita chini ya kitambaa, hicho ni pambo. Mabwawa ya kutulizia tope yachimbwe kabla ya kufyeka. Rundo la udongo wa juu likae mbali na mteremko wa kijito, tena lifunikwe.

Na chunguza mahali wanakooshea mashine za zege. Maji ya saruji mbichi yana alkali kali sana, pH ya 12 hivi, yakimwagika kijitoni yanaua samaki papo hapo, na rangi yake ya maziwa hupotea upesi. Piga picha mahali palepale, kila baada ya mvua, pamoja na tarehe. Picha za mahali pamoja zinazolingana zina uzito mbele ya mkaguzi kuliko malalamiko ya mdomo.

#7 Mama Kivuli

Kijana wangu wa bondeni, ongeza na kupima wadudu. Ipo mbinu iitwayo miniSASS, ilitengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wa kawaida na wanafunzi. Unakoroga mawe kwa mguu mbele ya wavu, unamwaga kwenye beseni jeupe, unatafuta makundi 13 ya viumbe, unajumlisha alama na kugawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Minyoo na ruba wana alama ndogo kwa sababu wanavumilia uchafu. Wale mabuu bapa wenye matamvua pembeni mwa tumbo, na wale wanaojijengea vinyumba vya punje za mchanga, wana alama kubwa. Pimeni juu ya mradi na chini ya mradi siku hiyohiyo. Tofauti ya namba mbili hizo inaeleza mengi, na mradi ambao haujaanza upimwe sasa, kabla ya greda, maana baadaye hakuna atakayeamini kilikuwepo nini.

Upande wa miti, kumtetea Saruji na Nondo kidogo: kupanda kunasaidia, kivuli hasa. Maji ya nyuzi 20 yanabeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 ni kama 7.5 tu, na hapohapo samaki anahitaji hewa zaidi. Lakini jamani, kabla ya kupanda, acheni iliyopo! Mti mkubwa wa kingoni uliokatwa leo kurahisisha kazi ya mashine utachukua maisha ya mtu kurudi. Panda ya asili ya eneo lenu, matete na nyasi ndefu chini karibu na maji, vichaka katikati, miti mirefu juu. Gogo likianguka kijitoni na halihatarishi daraja, liacheni. Nyuma yake majani yanatulia, wadudu wanakula, samaki wanajificha. Watu wa usafi wakija kulitoa, waambieni wachukue plastiki tu.

Nina swali kwa mleta mada. Hizo bustani za mvua haziwi mazalia ya mbu?

#8 Saruji na Nondo

Nimekubali hoja ya bomba na ukanda, sitaichora tena hivyo bila kuuliza maswali. Nabaki na mawili. Barabara lazima ivuke kijito mahali fulani, kalavati lipi linafaa? Na hizo bustani za mvua baada ya miaka mitano anazisafisha nani? Nimeona vitu vizuri vikigeuka dampo.

#9 Mkondo

Mama Kivuli, mbu anahitaji karibu wiki moja kutoka yai hadi kuruka, wakati mwingine siku chache pungufu kukiwa na joto kali. Bustani ya mvua iliyojengwa sawasawa inakauka ndani ya siku mbili, tatu zikizidi. Maji yakikaa zaidi ya hapo, udongo wake umeziba na unapaswa kukwanguliwa juu. Tangi nalo lifunikwe kwa wavu kwenye kila tundu.

Mkuu Saruji, uvukaji bora ni daraja lisilogusa sakafu ya kijito. Likishindikana, kalavati pana kuliko kijito, lenye sakafu ya asili ya kokoto, au lililozamishwa ili kokoto zijae ndani yake. Bomba jembamba la duara lina makosa mawili. Linabana maji yanayotoka kwa kasi ambayo samaki mdogo hawezi kuipanda, na kasi hiyohiyo inachimba shimo upande wa chini hadi mdomo wa bomba unabaki unaning'inia juu ya maji. Ukiona maporomoko madogo kwenye mdomo wa kalavati, jua samaki wa chini na wa juu wameshatenganishwa. Na barabara ivuke mara moja tu. Nimeona mchoro wenye vivuko vitatu kwa ajili ya kuongeza viwanja vichache.

La usafi ndilo zito kuliko yote uliyouliza, na halina jibu la kiufundi. Kazi hiyo iandikwe kabla ya nyumba ya kwanza kuuzwa: nani anasafisha, mara ngapi, fedha inatoka wapi, na nani anakagua. Bustani iliyo ndani ya kiwanja cha mtu iandikwe kwenye masharti ya umiliki, la sivyo mmiliki wa pili ataifukia aweke vigae na hatajua amefanya nini. Mitaro ya barabarani ikabidhiwe kwa mamlaka husika kwa maandishi, pamoja na mchoro wa jinsi ilivyojengwa kweli, si ilivyokusudiwa. Ninachopendekeza mimi ni mwekezaji aitunze yeye mwenyewe misimu kadhaa ya mvua kabla ya kukabidhi, maana kasoro nyingi huonekana hapo, na atakayezilipia ni yule aliyezisababisha.

Kwa yeyote ambaye mradi wa jirani bado uko kwenye hatua ya maoni ya wananchi: usiombe ramani ya viwanja peke yake. Omba karatasi ya mifereji, omba mpango wa kudhibiti tope wakati wa ujenzi, na omba vipimo vya kijito vya kabla. Kwenye karatasi ya mifereji weka kidole kwenye kila bomba na ulifuate hadi linapoishia. Ukipata mdomo unaofungukia kijitoni bila kupita kwenye udongo wowote, andika namba yake kwenye maoni yako na udai ielezwe. Mwenye mchoro wa namna hiyo autupie hapa, afiche majina na namba za viwanja, tuusome pamoja.